Kiti cha Dirishani

Kifuniko cha birika kiligongagonga kabla hakujapambazuka. Mshonaji akakiondoa upesi, kama anayeogopa kumwamsha aliyelala, akamimina chai vikombe viwili. Mumewe alikuwa na miaka miwili kaburini, ila mkono ulikuwa bado haujapata habari.

Mkono huohuo ndio ulioagiza tiketi mbili za treni. Karani aliuliza wangapi, naye akajibu wawili, kama alivyozoea kujibu miaka thelathini. Marehemu alimwahidi kumpeleka kuyaona maporomoko ya maji, lakini kila mwaka kazi ikaingilia. Leo alikuwa anakwenda, na koti la mumewe lilikaa kiti cha dirishani.

Mbele yao walikaa Mkunga mstaafu, mwenye kicheko cha kujaza behewa, na Fundi Visima, mwanamume mtu mzima, mpole, aliyezunguka nchi nzima akichimba maji. Mkunga alisimulia alivyozalisha ndani ya lori, aliyezimia akawa dereva. Fundi akasimulia wenzake walivyokwenda kula wakamsahau shimoni, akabaki kuwaimbia vyura. Mshonaji alicheka mpaka machozi. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

"Na shemeji yetu?" Mkunga aliuliza, akilitazama koti.

"Anapandia kituo kinachofuata."

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Mkunga akamwekea shemeji yai la kuchemsha, akalifunga kwenye karatasi. Kituo kikaja, kikapita. Mshonaji akasema basi ni kile cha mbele.

Kituo hicho cha pili alipanda mama mjamzito. Fundi akampisha kiti chake, akasimama ameshika chuma, goti lake bovu likitetemeka. Kila aliyetaka kukaa penye koti, Fundi alimwambia taratibu kwamba pana mtu.

Vituo vitatu alisimama. Treni ilipopinda kona, mkono wa koti uliinuka ukamgusa Fundi kiunoni. Mshonaji aliuona. Akakisikia kile kikohozi kifupi cha mumewe, cha kumjulisha kuwa amekosea mbele za watu.

Simu ikatetemeka. Binti yake alikuwa ameandika: "Mama, usisahau kula. Na baba usimbebe mchana kutwa, mpumzishe."

"Fundi," akaita.

"Naam, dada."

"Hapa hapana mtu."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kituo cha kwanza. Hukuchungulia nje. Mtu anayesubiriwa huchunguliwa."

"Na bado ukasimama?"

"Mke wangu nilimtandikia upande wake wa kitanda mwaka mzima baada ya kumzika. Nisingependa mtu aukalie bila kuniomba."

Mkunga alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akauliza sasa yai la shemeji nani atalila, maana yeye daktari kamkataza. Wakacheka wote, hata mjamzito, ambaye ndiye aliyelila.

Mshonaji akalikunja koti, akalipakata. Fundi akakaa ukingoni tu mwa kiti, kama anayebanana na mwenzake.

Mkunga na Fundi wakashuka naye, maporomoko wakayaona pamoja, wote watatu wakalowa chapachapa. Wakati wa kurudi Mshonaji ndiye aliyesimulia, na kwa mara ya kwanza hadithi ilikuwa yake, si ya mumewe.

Tangu hapo Fundi alipiga simu kila jioni. Mwezi wa tatu baada ya safari akaja asubuhi na mapema, mkononi amebeba mayai. Mkono wa Mshonaji ukamimina vikombe vitatu. Alipogundua, aliona haya mpaka akashindwa kuinua uso. Fundi hakuuliza cha tatu ni cha nani. Alichukua kisahani, akafunika kikombe hicho kisipoe.

Wakanywa. Koti lilining'inia ukutani, likiwatazama.

"Kwangu ukutani nimepigilia misumari miwili," Fundi alisema akiwa anaaga. "Mmoja wa gauni lako, ukikubali niwe mume. Wa pili wa koti. Sitaki uje ukamwacha peke yake."

Mshonaji alisimama mlangoni, akakitegea sikio kile kikohozi nyuma yake. Alingoja sana. Mle ndani mlisikika kitu kimoja tu, kisahani kikilia juu ya kikombe, kidogo, kama kimeguswa na kidole.

Hakugeuka kutazama.

"Jumapili uje tena," akamwambia Fundi. "Tutakuwepo."