Tarumbeta ya Mageni

Ukimpigia Mageni mluzi leo, atakurushia ngumi, na mimi rafiki yake sitamlaumu.

Alikuwa anajifunza muziki wa bluzi kule machimboni Geita, kwa tarumbeta kuukuu ya kwaya iliyokoroma kila noti. "Piga swali, nyamaza mapigo manne, kisha jijibu mwenyewe," mwalimu wake alimfundisha. Wachimbaji wenzake wakamfokea: "Toka na makelele yako hapa! Kawapigie fisi!"

Akaondoka kwa hasira, mchana kweupe, hadi kwenye duara lililoachwa, shimo ambalo jua halifiki chini. Akapuliza swali ndani ya lile giza. Akahesabu hadi nne. Kabla hajajijibu, tarumbeta ikamjibu kutoka chini, kwa sauti safi isiyo na mkoromo.

Mama yake alimkanya tangu utotoni: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Sasa shimo likapiga swali lake, likanyamaza mapigo manne. Mageni akabana midomo. Likarudia, kwa ukali, kutoka karibu zaidi.

Akaitupa tarumbeta ukingoni, akakimbia. Alipokaribia kambi, akausikia nyuma yake mkoromo anaoujua: tarumbeta yake ilikuwa inaitika.