Nani Anazurura Milimani?

Kila asubuhi Elsie Ogola alinawa uso, akanywa uji wa wimbi, kisha akaenda shuleni kutafuta neno. Baba yake, ofisa wa kilimo, ndiye aliyemzoesha hivyo: neno moja jipya la Kiingereza kila siku, na ulitumie mpaka mdomo ulizoee. Elsie alikuwa darasa la sita. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu, na familia yake ilikuwa imehamia Milimani, Kisumu, katika nyumba kubwa iliyokuwa ya Mzungu. Mzungu alikuwa amekwenda zake. Ua wake wa michongoma ulibaki, lango lake lilibaki, na hata mlinzi wake, Bwana Dishon, alibaki pale pale langoni.

Ijumaa hiyo neno lilitoka kwa Mwalimu Wakhisi. Mwalimu huyo alikuwa pia jirani yao, kwa kuwa mkewe, Agneta, alikuwa nesi na alipewa nyumba ya serikali.

"Loitering," Mwalimu aliandika ubaoni. "Maana yake ni kuzurura. Kutembea huku na huku bila shughuli yoyote."

Elsie akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe kila jioni unatembea na fimbo yako mpaka mwisho wa barabara, halafu unarudi. Hubebi kitu. Hiyo ni loitering?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Mimi nanyoosha miguu, Elsie. Hiyo ni stroll."

"Tofauti yake ni nini?"

Mwalimu alijikuna kidevu. "Tofauti yake... Kaa chini, tuendelee."

Njiani kurudi nyumbani Elsie alilijaribu neno lake kwa kila kitu. Mbuzi aliyekatiza barabara alikuwa loitering. Wingu juu ya ziwa lilikuwa loitering. Rafiki yake Awuor akachoka.

"We Elsie! Hilo wingu umeliuliza linakwenda wapi?"

Jioni, Elsie akiwa barazani, aliona mwanamke nje ya ua. Alikuwa amejitanda leso mpaka usoni, kikapu mkononi, kuku kwapani. Alitembea polepole mpaka kwenye mjakaranda, akasimama, akageuka, akarudi. Mlango wa nyumba ya Mwalimu ulipofunguliwa aligeukia michongoma haraka, kana kwamba anaisoma. Ulipofungwa, akaanza tena.

Elsie alifurahi. Neno lake limepata mtu! Akakimbia langoni.

"Bwana Dishon! Kuna mama pale anafanya loitering!"

Bwana Dishon hakusoma sana, lakini neno hilo alilijua. Nani mjini hakulijua? Liliwahi kuwapeleka wengi korokoroni. Akaweka kofia yake sawa, akatoka. Elsie alimwona akimshika yule mwanamke mkono na kumpeleka upande wa kituo cha polisi. Mwanamke alisema jambo kwa lugha ambayo Elsie hakuijua. Kuku alipiga kelele. Elsie akaingia ndani kama mtu aliyepata kumi kwa kumi.

Giza lilipoanza kuingia, Mwalimu Wakhisi alibisha hodi. Mama yake Elsie, Lornah, akamfungulia.

"Mama Elsie, hamjamwona mama mmoja mzee? Mama yake Agneta anatoka Bungoma kuja kumwona mtoto mchanga. Basi lilifika zamani. Agneta analia tu."

Elsie alimkumbuka yule mwanamke wa penye michongoma. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwuliza yeye.

"Ana kuku?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hawezi kumjia mjukuu bila kuku."

Basi Elsie akasema yote, macho yakiwa sakafuni.

"Maskini!" Mama Lornah akashika kichwa. "Mwalimu, kimbia kituoni kabla hawajamfungia!"

Mwalimu hakusogea. "Mama Elsie, yule ni mama mkwe wangu. Nitasimamaje mbele yake? Kwetu tukikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kichakani."

"Ndiyo sababu hakubisha hodi. Alikuwa anangoja utoke."

"Na leo sikutoka," Mwalimu akasema. "Nilibaki kumbembeleza mtoto."

Mama Lornah akamtupia Elsie sweta. "Twende. Utasema wewe mwenyewe."

Kituoni walimkuta yule mama kwenye benchi, na kuku amefungwa chini ya meza. Sajini hakuinua kichwa. "Mzururaji. Atakwenda mahakamani Jumatatu. Mlinzi amemwona."

"Mlinzi alisikia kwangu," Elsie akasema. "Mimi ndiye niliyesema anazurura. Sikujua alikuwa anafanya nini. Sikumwuliza."

Sajini akainua kichwa. Akamgeukia yule mama wa benchini, akamwuliza kwa Kiswahili. "Ulikuwa unafanya nini pale?"

"Mkwe wangu alikuwamo ndani, nami nimekuja kumwona mtoto. Ulitaka nikutane naye uso kwa uso? Wewe mama mkwe wako unamtazama usoni?"

Sajini alikohoa, akatazama dirishani. Askari wawili wakaziba midomo.

"Mfungueni kuku wa mama," akasema.

Barabarani Elsie alibeba kikapu. "Nyanya, nisamehe."

"Ulikuwa karibu hivyo, mtoto! Ungekuja kunisalimu, ningekutuma kwa Agneta, tukamaliza."

Mama Lornah alitembea mbele yao kwa hatua za hasira. "Baba yangu alishikwa barabara hii hii," akasema mwishowe. "Alikuwa analeta samaki jikoni kwa Mzungu. Neno lilikuwa hilo hilo. Alichapwa viboko, na samaki wakaliwa na waliomchapa. Leo nyumba ni yetu, na neno lao tumelikuta ndani tukalitumia bila hata kulipangusa vumbi!"

Walipofika, Mwalimu alitolewa kwa mlango wa nyuma ndipo mama mkwe akaingia kwa mlango wa mbele. Ndani vikasikika vigelegele, na kilio chembamba cha mtoto.

Mwalimu hakuwa na pa kwenda. Alitembea mpaka kwenye mjakaranda, akasimama, akageuka, akatazama dirisha la nyumba yake, akarudi tena. Bwana Dishon akampigia saluti.

"Jioni njema, Mwalimu! Unanyoosha miguu?"

Elsie akamtazama mama yake. "Mama, anatembea vile vile kama Nyanya."

"Vile vile kabisa. Yeye anapigiwa saluti, mwenzake alishikwa mkono." Mama Lornah akamshika binti yake bega. "Umesema kweli kituoni, na kweli yako imemtoa mtu kifungoni. Lakini shika na hili. Maneno mengine ni minyororo. Usimvike mtu ambaye hata hujamsalimu."

Elsie akaitikia kwa kichwa. Kisha akaenda langoni, kumweleza Bwana Dishon yule mama ni nani.