Salamu za Pole Kutoka Inyonga

"Usiweke nyama bado!" Manyanda alifoka. "Hilo pipa lilikuwa la dizeli. Acha mkaa uwake mtupu kwanza, harufu iishe."

Marsela akarudisha paja la mbuzi kwenye beseni. Jiko lilikuwa jipya kabisa: nusu pipa lililolazwa juu ya miguu ya nondo, wavu wa chuma juu yake. Manyanda alilitengenezesha Mpanda ili wafungue biashara ya nyama choma uani kwao, hapo Majimoto. Jirani yao Fabiani alikuwa ameshakaa kwenye benchi, redio mapajani, akingoja nyama ya kwanza.

Harufu ilipoisha, Marsela akausugua wavu kwa kipande cha mafuta ya mbuzi, akapanga nyama. Mafuta yakaanza kudondoka, mkaa ukachachatika.

"Geuza na huo upande, mke wangu," Manyanda akasema, sasa kwa upole. "Mwaka huu tunatoka."

Redioni kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji akasoma kadi nyingine:

"Esteria, mfumaji masweta wa Inyonga, anamsalimu mchumba wake Manyanda Malale, mnunuzi wa ng'ombe, Majimoto. Anampa pole nyingi kwa kufiwa na mke wake, Marsela. Anasema usilie sana mpenzi, tukishauza tumbaku tutafunga ndoa."

Fabiani akazima redio. Alikuwa amechelewa.

Marsela akageuza mnofu. Akageuza na mwingine.

"Fabiani, wewe unapenda iliyokauka au yenye majimaji?"

"Yoyote tu, shemeji," Fabiani akajibu, macho chini.

"Marsela," Manyanda akasema, "akina Manyanda tuko wengi."

"Wenye wake wanaoitwa Marsela?"

Marsela aliungoja uchungu uje. Haukuja. Kifua kilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini husikii kitu.

Mama mkwe wake, Nyanzala, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Manyanda, umemwambia binti wa watu kwamba mkeo amekufa?"

"Yalikuwa maneno tu, mama. Kwao ni watu wa kanisa, wasingekubali mke wa pili."

"Kwa hiyo ukamuua huyu?"

"Mama..."

"Ng'ombe wa mahari niliowapeleka kwao Marsela, Usevya, niliwapeleka kwa ajili ya mtu aliye hai. Usiniite mama leo."

Marsela akakata nyama, akainyunyizia chumvi, akamwekea Fabiani kwenye sahani.

"Kesho napanda lori," akasema. "Naenda Inyonga."

"Kufanya nini?" Manyanda akauliza.

"Kuonekana."

Akaenda Mpanda kwa lori la mpunga, akalala kwa shangazi yake, kisha akapata gari jingine la Inyonga. Njia nzima alitazama miti. Abiria mwenzake alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana, na ilikuwa kweli.

Esteria alikuwa barazani kwao, anafuma sweta. Binti mwembamba, mchangamfu.

"Karibu, dada. Umetoka wapi?"

"Majimoto."

"Majimoto! Basi unamfahamu Manyanda Malale?"

"Namfahamu. Mimi ndiye Marsela."

Esteria akacheka kidogo. Kisha akamtazama vizuri, na sindano za kufumia zikamtoka mikononi.

"Marsela gani? Marsela amekufa."

"Nimesikia. Mlinitangaza redioni."

Esteria akateleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, akaanza kulia kwa sauti.

"Dada, nisamehe. Sikujua, haki ya Mungu sikujua! Alikuja hapa analia. Nikaenda parokiani nikakuombea misa. Jina lako lilisomwa mbele ya watu wote. Nilipiga magoti kwa ajili yako!"

Marsela alikuwa amesimama tu. Katika miaka yote ya ndoa yake, hakukumbuka mtu aliyewahi kumpigia magoti kwa lolote. Akaketi chini karibu na binti yule. Machozi yakatoka kwanza jicho moja, halafu la pili, halafu hakuweza kuyazuia.

"Asante kwa misa," akasema.

Aliporudi Majimoto, Manyanda alikuwa uani, jiko limepoa, amenyoa ndevu. Akapiga magoti.

"Nisamehe, mke wangu. Ni shetani tu."

"Esteria amekukataa. Amesema haolewi na mtu anayezika watu walio hai."

"Afadhali. Basi tumebaki sisi wawili."

"Hujabaki na mtu, Manyanda. Wewe umefiwa. Uliutangaza msiba mwenyewe, watu wakakupa pole. Sasa kaa nao."

Akaingia ndani, akakunja khanga zake. Manyanda akamgeukia mama yake.

"Mama, mwambie basi!"

Nyanzala hakumjibu. Alisubiri Marsela atoke na sanduku, akampokea, akajitwika kichwani.

"Twende, mwanangu," akasema. "Mimi ndiye niliyekutoa kwenu Usevya. Nitakurudisha mwenyewe."