Mistari Kumi na Minne ya Farasi

Hebu niambieni, wasikilizaji wangu: umempenda mtu, umemwambia, naye badala ya kukujibu anafungua daftari, anakutazama dakika ishirini bila neno, huku anaandika. Utawaza nini?

Fundi kwato aliwaza mabaya.

Asubuhi hiyo alikuwa ameinama bandani, mguu wa nyuma wa farasi jike mwekundu ameubana katikati ya magoti, tupa ya kulainishia kwato mkononi. Bi Sindano, mjane aliyeshona matandiko ya farasi katika zizi lile, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kalamu inakimbia.

"Leo unaandika nini tena?" fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Naandika farasi."

"Farasi ana mikono?"

"Kivipi?"

"Macho yako yako mikononi mwangu tangu nimeingia. Mara ya tatu hii. Kila nikija, wewe na hilo daftari, kama karani wa mahakama."

Bi Sindano akalifunga daftari haraka, na haraka ile ndiyo iliyomponza.

"Ahaa! Basi nikwambie," fundi akauachia mguu wa farasi, akanyooka. "Wiki jana msimamizi kaniita. Kaniuliza mbona farasi huyu alichechemea baada ya mimi kumvisha viatu safari ile. Mwezi mzima hakuuliza, ghafla anauliza. Nani kamtia maneno?"

"Haki ya Mungu, fundi, si mimi."

"Nilikuomba tuzeeke pamoja. Ungesema hutaki, ningeelewa, mimi mtu mzima. Lakini kuniandikia makosa! Mtu niliyemfungulia moyo! Leo ndiyo mwisho wangu hapa. Tafuteni fundi mwingine."

Akamaliza misumari iliyobaki, akakunja aproni yake ya ngozi, akaenda zake. Farasi akageuza shingo kumtazama. Bi Sindano naye akageuza yake, mdomo mzito kama umeshonwa kwa uzi wa ngozi.

Sasa ukweli wenyewe ni huu. Bi Sindano aliishia shule ya msingi, lakini kwa miezi saba alikuwa akisoma kozi ya masafa marefu kuhusu tabia za farasi, kwa simu, siku mbili kwa wiki baada ya kazi. Mwalimu wake yuko mji wa mbali, hawajaonana hata mara moja. Zoezi la muhula lilikuwa hili: mtazame farasi mmoja kila anapovishwa viatu, usimguse, usimsemeshe, andika unachokiona, si unachokidhani. Usiandike "ana hasira." Andika "masikio yamelala nyuma."

Aliyejua siri hiyo ni mdogo wake tu, msusi. Marehemu mume wake alizoea kumwambia kalamu haichemshi chungu. Na huyu fundi naye, siku alipokuja daktari wa mifugo na kitabu chake kwapani, aliwachekesha zizi zima: "Farasi hasomwi kitabuni, anasomwa kwa makalio! Akikutupa, umefeli!" Bi Sindano alicheka na wenzake. Tangu hapo akaamua hata akiulizwa, hatasema daftari ni la nini.

Mchana akapiga picha kurasa za siku hiyo, akamtumia mwalimu, kisha akamsimulia mdogo wake, ambaye alikuwa anachambua nywele za kusukia.

"Na wewe ukanyamaza?" mdogo mtu akapiga makofi. "Dada, mwanamume kaja na moyo wake mkononi, wewe unamhesabia farasi masikio?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema unasoma! Kwani umeiba?"

"Angenicheka."

"Na sasa amekukimbia. Hiyo ndiyo nafuu?"

Kabla Bi Sindano hajajibu, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mwalimu. Akausoma polepole, kidole kikifuata maneno:

*"Mwanafunzi wangu, nimepokea kazi yako ya leo. Umeandika mistari arobaini na mitano. Kumi na minne inamhusu farasi. Iliyobaki yote inamhusu mtu aliyemshika mguu. Tunamtazama farasi kwa sababu hawezi kusema. Huyo mtu ana mdomo, na wewe pia unao. Tafadhali rudia zoezi."*

Mdogo mtu alicheka mpaka nywele zikamwanguka miguuni.

"Hata mwalimu aliye mbali kaona! Mapenzi ni kikohozi, dada, wewe ulidhani utakikohoa kwenye karatasi? Inuka, mpigie."

Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikakatwa. Ukaja ujumbe: *"Nipo kazini."*

"Vizuri," mdogo mtu akasema, "tunajua alipo."

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja cha bati, viatu vya farasi vimening'inizwa ukutani kwa kufuata ukubwa, moto wa makaa umefifia. Fundi alimwona Bi Sindano mlangoni, akaendelea kunyoosha chuma ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

"Umekuja kumalizia kuandika?"

"Nimekuja kukupa usome."

Akaliweka daftari juu ya fuawe ya kufulia chuma. Fundi akajifuta mikono, akalifungua, akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"'Farasi amepiga mguu chini mara mbili. Fundi amesubiri. Hakumpiga. Fundi amemwegemeza bega. Farasi amelamba midomo, ameshusha kichwa.'" Akafunua ukurasa. "'Fundi anaimba kwa pua. Nadhani hajui kama anaimba.' Mimi naimba?"

"Kila ukifika miguu ya nyuma."

"Haya mambo ni ya nini?"

"Ni masomo. Nasomea tabia za farasi. Sikukwambia kwa sababu uliwacheka wa vitabu."

Fundi akashusha pumzi. "Yule daktari? Farasi alitulia kwake kabla ya kutulia kwangu. Niliona haya, ndiyo nikapiga mdomo."

Akaendelea kusoma, kisha kidole kikasimama juu ya mstari. Ulikuwa ukurasa wa safari iliyopita.

"'Msumari wa tatu, farasi amevuta mguu kwa nguvu. Fundi ametazama nyuma. Ameuacha msumari ndani.'"

Kaa moja likapasuka motoni.

"Kwa hiyo uliona," akasema.

"Niliona. Sikujua maana yake."

"Maana yake uliingia karibu na nyama. Nilijua palepale. Niliona uvivu kuutoa, nikasema utakaa. Alipochechemea nikaitwa, nikakivua kiatu, nikamwambia msimamizi farasi kakanyaga jiwe." Akalisukuma daftari pembeni. "Si wewe niliyekuwa nakuogopa, Bi Sindano. Niliogopa kwamba kuna mtu anayajua."

"Ningejua, ningekwambia wewe kwanza. Na ningekukasirikia. Mnyama yule hawezi kusema."

"Una haki."

Fundi akachukua simu yake, akampigia msimamizi mbele yake. Hakuzungukazunguka: "Lile halikuwa jiwe, mkubwa. Ulikuwa msumari wangu." Akasikiliza muda mrefu, akiitikia "ndiyo, mkubwa" mara nne. Alipokata, jasho lilikuwa linamtiririka kuliko wakati wa kufua chuma.

"Amesema nini?"

"Amenifokea hasa. Kisha akasema nirudi kazini, ila miezi hii atasimama juu ya kichwa changu." Akaketi kwenye benchi, akamtazama. "Mimi yangu yote umeyaandika, mazuri na mabaya. Yako sijui hata mstari mmoja. Mara hii sitabahatisha. Bi Sindano, wewe unataka nini?"

Bi Sindano alitamani kuinamisha macho kama alivyozoea. Hakuinamisha.

"Nataka unioe," akasema. "Na ukishanioa, masomo yangu usiyaguse. Nimebakiza miezi mitano, na nataka niimalize kozi hii nikiwa mke wako."