Ghala la Ndeti

Wenzangu wa Kasikeu, mnalikumbuka boma la Ndeti lilivyokuwa kabla ya mwaka wa 1984. Wakati wa mavuno mbaazi zilianikwa uani, mkewe Mutindi akipepeta, na watoto wao wawili, Kalunde na Mulei, wakifukuza kuku. Mgeni hakutoka pale mikono mitupu. Ndeti alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba iliyoishiwa chakula ilijua pa kwenda.

Kisha mvua ikakosekana. Msimu uliofuata ikakosekana tena.

Mwangangi, tuliyemwita Baba Kivuva, mwenye kisiagi pale sokoni, hakuwa na cha kusaga. "Mashine yangu inasaga upepo," alisema, nasi tukacheka kwa kuwa kulia kulikuwa kumetuchosha. Kanisa lilikuwa na stoo ya chakula cha msaada kule Nunguni, lakini halikuwa na gari. Mwangangi akajitolea. Pikapu yake ingeleta mahindi, kisiagi chake kingeyasaga bila malipo, na kila mtoto aliyeandikwa angepata unga wa wiki na kikombe cha uji kila adhuhuri. Kwa sababu nilikuwa nimefika kidato cha pili, nilipewa daftari niandike majina nyumba kwa nyumba.

Tulipofika kwa Ndeti, mimi na Mwangangi, tulikuta mlango wa ghala umezibwa kwa matawi ya miiba na kukandikwa udongo, kama mtu anavyofunga ghala lililojaa. Kwetu, kuchungulia ghala la mtu ni kama kumvua nguo. Hatukuchungulia.

"Hapa mmepotea njia," Ndeti alisema akicheka. "Andikeni wenye njaa. Au siku hizi, Muthoki, shule inafundisha kuhesabu walioshiba?"

Mutindi alikuwa ameketi mlangoni, amempakata Mulei wa miaka mitatu. Mashavu ya mtoto yalikuwa yamejaa, miguu minene, ngozi inang'aa. Nikamtania mama yake, "Huyu ananona wakati sisi tunakonda! Mnampa nini?"

Mutindi alifungua mdomo. Mumewe akakohoa. Mutindi akaufunga, akainamia nywele za mtoto, zilizokuwa zimegeuka rangi ya kutu.

Niliyaona hayo yote, msomaji, nikapita. Sikujua kwamba iko njaa inayomvimbisha mtoto.

Wiki mbili baadaye Mwangangi alimkuta Mutindi amepiga magoti chini ya kisiagi, akikusanya vumbi la unga kwa kiganja.

"Mama Kalunde, hiyo ni ya nini?"

"Ya kuku."

"Kuku gani? Si uliniuzia jogoo wa mwisho mwezi wa tano?"

Mwangangi akampimia kilo mbili. "Nenda upike. Hao kuku wakishiba, uje uniambie."

Alasiri ile ile unga ulirudi. Ndeti aliuleta mwenyewe, akauweka chini mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni. "Mke wangu alichukua wa wenyewe kwa makosa," alisema. Hakuna aliyemuuliza neno. Tulimheshimu mno, na leo naona heshima ile ilikuwa ukatili.

Siku ya nne Mutindi alikuja mbio, Mulei mgongoni. Mwangangi alizima mashine katikati ya debe la mahindi, akawasha pikapu kuelekea hospitalini. Walikuwa bado hawajaifikia lami Mutindi aliposema, "Punguza mwendo, Baba Kivuva. Hakuna haraka tena."

Siku ya mazishi, wanawake walikwenda ghalani kutafuta chakula cha waombolezaji. Walibomoa udongo. Ndani kulikuwa na vibuyu vitupu na mavi ya panya, nayo yalikuwa ya zamani.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawapa watu," Ndeti aliniambia, macho yakiwa chini. "Sikujua mtu huanza vipi kuomba."

Kesho yake adhuhuri alisimama kwenye foleni na kopo mkononi. Watu walimpisha apite mbele, akakataa. Zamu yake ilipofika nikamuuliza majina ya watoto.

"Kalunde," alisema, "na Mulei."

Nilishika kalamu nisiweze kuandika.

"Kalunde peke yake," akasema.

FUNZO

Ndugu zangu, unga ulikuwepo. Ulikuwa umeshasagwa, na kutoka kwa Ndeti hadi sokoni ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mulei hakuuawa na kiangazi. Aliuawa na aibu ya baba, hofu ya mama, na adabu yetu sisi majirani. Mzazi, usimshindishe mtoto njaa ili jina lako lishibe. Ukimwona mtoto amevimba miguu na nywele zimepauka, usiseme amenona. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nawe uliyetumwa kugawa chakula, ukiambiwa "hapa tumeshiba," usiridhike na jibu la baba. Muulize na mama.