Uvimbe Usiouma

Kila alfajiri, kabla ya umande kukauka, Mwihaki alikuwa ameshachutama ubavuni mwa Rosi, ng'ombe wao wa gredi, yaani wa mbegu ya kizungu, akipapasa kiwele chake. Kukamua kulikuja baadaye. Mama yake, Waceke, alikuwa na amri moja ambayo hata mvua ya mawe haikuitangua: kiwele kipapaswe kwanza, upande kwa upande, kisha matone ya mwanzo yakamuliwe juu ya kitambaa cheusi. Mabonge yakionekana kwenye kitambaa, ng'ombe ni mgonjwa, na maziwa yake hayapandi lori.

"Mkono wako usikimbie," Waceke alizoea kumwambia. "Ng'ombe hana mdomo wa kusema anapoumwa."

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Githinji na mkewe Waceke walikuwa wametoka Murang'a na kujiunga na wenzao kununua shamba la mzungu mmoja karibu na Cheptiret, kabla hujafika Eldoret. Mzungu alikwenda zake, shamba likagawanywa, na kila nyumba ikapata kipande chake pamoja na mkopo wa kukilipia. Rosi alinunuliwa kutoka kundi la mzungu huyo huyo, akaja na jina lake. Maziwa yake ndiyo yaliyolipa ardhi. Kwa hiyo watu wa shamba lile waliwapenda ng'ombe wao kuliko walivyokuwa tayari kukiri. Mtoto akikohoa angeambiwa anywe chai ya moto. Ng'ombe akikohoa, mtu alitumwa mbio kumwita daktari wa mifugo.

Jioni moja Mwihaki alirudi kutoka shuleni akamkuta mama yake jikoni, blauzi imefunguliwa, akijikanda titi kwa kitambaa kilichochovywa katika maji moto ya chumvi. Mwihaki alikitambua kitambaa kile. Ni kile kile walichomkandia Rosi alipozaa.

"Ni nini, Mama?"

"Maziwa yameganda. Si nimemwachisha mdogo wako Thuo kunyonya? Yatayeyuka."

Wanawake wote wa pale walilijua jambo hilo, au walidhani wanalijua. Uvimbe ukitokea baada ya kumwachisha mtoto, ni maziwa yameganda, na dawa yake ni kitambaa cha moto. Bibi zao walifanya hivyo. Waceke aliuchukua mkono wa binti yake akauweka pale. Mwihaki alihisi kitu kigumu kama kokwa ya pichi.

"Unauma?"

"Hauumi hata kidogo. Kitu kisichouma si ugonjwa." Waceke alifunga vifungo vya blauzi. "Lakini usimwambie baba yako. Akisikia atanipeleka hospitali, na atamuuza Rosi ili anitibu. Rosi ndiye shamba, Mwihaki. Niahidi."

Mwihaki aliahidi. Mtoto wa miaka kumi na miwili akipewa siri na mama yake hujiona amekua ghafla, na kujiona huko ni kutamu. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyechemsha maji kila jioni, akasimama mlangoni kuangalia kama baba anakuja.

Mvua za masika zikaanza. Asubuhi moja, mkono wa Mwihaki ulikuta ugumu katika kiwele cha Rosi, upande wa nyuma. Haukuwa mkubwa. Waceke alipoambiwa hakungoja hata kufunga kitambaa kichwani. "Kimbia Cheptiret, mwite Kipkemboi. Shule utakwenda ukirudi."

Kipkemboi, daktari wa mifugo, alikuja na baiskeli yake ikiwa imejaa tope mpaka kwenye kiti. Alimpapasa Rosi, akamdunga sindano, akaosha mikono katika karai.

"Mmefanya vizuri kuniita leo leo," alisema. "Kuna watu hungoja mpaka chuchu ikauke, halafu wanasema wamerogwa."

Mwihaki alilipokea karai. "Daktari, na kama uvimbe hauumi?"

"Huo ndio wa kuogopa zaidi, kwa sababu hakuna anayeukimbilia." Kipkemboi alimgeukia. "Kwa nini? Umekuta mwingine?"

Nyuma ya Kipkemboi alisimama Waceke, ameshika taulo. Alimtazama tu binti yake, na macho yale yalikuwa yakimwomba.

"Hapana," Mwihaki alijibu.

Rosi alipona kabla ya juma kwisha. Kokwa ya pichi haikuyeyuka. Mahindi yalipofika magotini ilikuwa imekua, na ngozi juu yake ikajikunja kama ganda la chungwa. Mahindi yalipotoa ndevu, mkono wa Waceke ulianza kuvimba na mgongo ukamuuma usiku. Bado alisema ni kazi. Na kazi ilikuwepo kweli, ndiyo maana uongo ule ulikubalika.

Siku moja Waceke alishindwa kuinua mtungi wa maziwa kuuweka juu ya jukwaa la mbao kando ya barabara. Ukaanguka. Maziwa yakamwagika kwenye vumbi, na dereva wa lori akageuza uso asimwaibishe. Waceke aliketi chini pale pale. Mwihaki hakuwahi kumwona mama yake akiketi chini asubuhi.

Jioni hiyo alimfuata baba yake nyuma ya ghala la mahindi, akamweleza yote: uvimbe, kitambaa, na ahadi. Alingoja kofi. Githinji, mtu wa maneno machache, hakumpiga. Aliweka kikapu chini. Kesho yake alfajiri alimwomba Mburu, mwenye duka, gari lake, wakampeleka Waceke hospitali ya misheni kule Plateau.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Kageha, mwanamke wa Maragoli mwenye sauti ya upole. Daktari alipomaliza kumpima Waceke, Kageha aliwaita Githinji na Mwihaki kwenye benchi la nje.

"Mzee, haya si maziwa yaliyoganda. Ni saratani. Ingekuwa bado ndogo, daktari angeikata. Sasa imetoka pale ilipoanzia, imefika kwenye mifupa."

"Nitauza ng'ombe," Githinji alisema haraka. "Ikibidi nitauza na shamba."

Kageha alitikisa kichwa. "Sasa si swali la ng'ombe, Mzee. Tutampa dawa ya maumivu. Mkae naye."

Njiani kurudi, Githinji alimwuliza mkewe polepole, "Mama Mwihaki, kwa nini hukuniambia?"

"Ungemuuza Rosi."

"Ningemuuza siku hiyo hiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia," Waceke alisema, akaegemeza kichwa begani mwake. Mwihaki, aliyeketi nyuma, aliuma ukosi wa sweta yake ili wasimsikie akilia.

Waceke aliishi mpaka mavuno yakaingia ghalani. Siku moja alimwita Mwihaki kitandani. Alikuwa amekonda, na sauti yake ilikuwa ya kuvutwa.

"Siri ile ilikuwa mzigo wangu, nami nikakutwika wewe. Mtoto hatwikwi mzigo kama ule. Unisamehe."

"Laiti ningemwambia Kipkemboi siku ile, Mama. Aliniuliza."

"Ulinitii. Kosa la utii wako ni langu." Akamshika mkono. "Lakini usitii tena jambo kama lile. Hata likisemwa na mtu unayempenda."

Alizikwa mwisho wa shamba, mahali panapotazamana na barabara. Lilikuwa kaburi la kwanza katika ardhi yao wenyewe, na ardhi yenyewe walikuwa hawajamaliza kuilipia. Mwihaki alirudi kukamua jioni ile ile, maana ng'ombe hajui msiba.

Virginia, mdogo wake Waceke ambaye Mwihaki alimwita Tata, yaani mama mdogo, alikuja kukaa nao ili amlee Thuo. Alikuja na mtoto wake mwenyewe mgongoni, ambaye alikuwa amemwachisha kunyonya juzijuzi. Nyumba ikapata tena moshi wa mapema na harufu ya uji. Mwihaki alianza kulala usingizi mzima.

Kisha, jioni moja, Virginia alisema bila kumtazama, "Mwihaki, niwekee maji ya chumvi motoni. Nina maziwa yameganda hapa."

Sufuria ilikuwa tayari mikononi mwa Mwihaki. Alisimama nayo.

"Wapi, Tata?"

"Hapa kando. Ni kidogo tu, hata hayaumi. Ya dada yangu yalikuwa mambo mengine, haya ni maziwa." Alijaribu kucheka, huku akifunga vifungo vya blauzi. "Na usimsumbue baba yako. Ana huzuni ya kumtosha."

Mwihaki hakuwahi kumkatalia mtu mzima tangu azaliwe. Alikwenda mlangoni akayamwaga maji yote nje.

"Sichemshi, Tata."

"Wewe Mwihaki, unanijibu hivyo?"

"Mama alisema hivyo hivyo. Maneno hayo hayo." Sasa machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta. "Nilichemsha maji mpaka akafa. Wewe sikuchemshii."

Akaiweka sufuria chini, akatoka kumwita baba yake. Githinji alikuja na ndoo bado mkononi. Virginia alipomwona, aliinama akalia kwa muda mrefu. Alikuwa anajua tangu mwanzo. Alikuwa anaogopa tu, na hofu ikipewa kisingizio hukishika kwa mikono miwili.

Kule Plateau, Kageha aliupata uvimbe wenyewe, mdogo kama punje ya njegere. Ulikuwa ugonjwa ule ule, lakini haujatoka pale ulipoanzia. Daktari alimpasua Virginia. Alipoteza titi moja, akabaki na uhai wake.

Rosi alinunuliwa na mkulima mmoja wa Moiben, na fedha zake zikagharimia matibabu. Alipokuwa akipandishwa lorini, Githinji alimshika Mwihaki bega. "Siku hii ndiyo mama yako aliyoiogopa. Imefika, na shamba bado lipo," alisema. Zizini alibaki mtamba, ndama jike wa Rosi aliyekwisha kukua, ambaye Waceke alimlea kwa chupa. Mwaka ule walilipa mkopo kwa taabu, wakala mboga nyingi na nyama kidogo.

Virginia alipopata nguvu, alimwomba Kageha aje azungumze na wanawake wa shamba. Walikutana asubuhi pale barabarani, kwenye jukwaa la maziwa, mitungi ikiwa miguuni mwao.

"Kina mama," Kageha alianza, "nani hapa hajui kupapasa kiwele cha ng'ombe?"

Walicheka. Swali gani hilo.

"Na nani amejipapasa mwenyewe mwezi huu?"

Kicheko kikafa. Mwanamke mmoja mzee, akitaka kusaidia, alisema, "Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Ni kweli, Mama. Lakini methali hiyo humlaumu mgonjwa peke yake," Kageha alijibu. "Waceke hakuwa mjinga. Alijipima na ng'ombe, akaona ng'ombe ana thamani zaidi. Nani alimfundisha hesabu hiyo? Sisi sote. Uvimbe mwingi si saratani, na wengi mtakaokuja mtarudi nyumbani mkicheka. Lakini huwezi kuujua kwa kitambaa cha moto. Njoo upimwe ungali mdogo. Na kama mama yako au dada yako aliugua, usingoje uvimbe. Njoo mapema zaidi."

Akamgeukia Mwihaki na watoto wengine waliokuja na mama zao. "Nanyi watoto, sikilizeni. Siri ya mwili wa mtu anayeumwa haiwekwi. Mpelekeeni mtu mzima atakayesaidia. Akinyamaza huyo, mtafuteni mwingine. Huko si kuvunja ahadi, ni kumpenda."

Lori lilikuja, mitungi ikapakiwa, wanawake wakatawanyika wakizungumza kwa sauti za chini. Wawili walibaki nyuma kumnong'oneza Kageha.

Mtamba alipozaa kwa mara ya kwanza, Mwihaki ndiye aliyemkamua. Alichutama ubavuni mwake kabla ya umande kukauka, akaweka kitambaa cheusi tayari, akaanza kupapasa kiwele, upande kwa upande. Aliisikia sauti ya mama yake waziwazi. Alilia, lakini mkono wake haukukimbia.