Maneno ya Bibi Ndani ya Faili

Chiriku hakuwa na kompyuta. Hakuwa na meza ya kusomea, wala viatu vya pili, wala mtu wa kumlea ila bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa akipoteza macho. Alichojaliwa kwa wingi ni maneno, ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Baada ya shule alimsaidia karani wa zahanati, mama aliyemwita shangazi kwa heshima, kuchapa taarifa za wagonjwa kutoka kwenye kadi zao. Siku moja walikuwa arobaini, wote wa macho. Faili lilitakiwa lifike hospitali kuu kabla ya saa kumi. Ambaye angekosekana angesubiri upasuaji mwaka mzima. Bibi alikuwa miongoni mwao.

Karani akatuma. Kompyuta ya hospitali ikalikataa faili. Akatuma tena, likakataliwa tena.

"Nani kaliroga dude hili?" akafoka. "Saa tisa na nusu hii!"

Chiriku akaikumbuka kadi ya bibi. Aliambiwa anakili kadi kama zilivyo, naye akaongeza yake. Angenyamaza, nani angejua?

"Shangazi," akasema, "nadhani ni mimi. Kwenye maelezo ya bibi niliongeza kwamba anaona 'moshi mweupe'. Nikayafungia maneno yake alama za kunukuu, kama tulivyofundishwa."

Karani akaufungua mstari ule, akashusha pumzi. "Mwanangu, kompyuta hufungua na kufunga kila maelezo kwa alama hizohizo. Ilipoikuta moja katikati, ikadhani maelezo yameisha. Yaliyofuata ikayaona takataka."

"Basi niyafute?"

"Thubutu! Daktari anayahitaji." Kabla ya kila alama ya ndani, karani akachapa kimstari kinachoegemea kushoto: \. "Hiki kinaiambia kwamba alama inayofuata ni sehemu ya maneno, isifunge."

Faili likapokelewa zikiwa zimebaki dakika kumi.

"Ungeficha, ningepekua kadi zote arobaini na muda ungetupita," karani akasema. "Utakosea tena, sote hukosea. Uniambie mapema hivihivi."

"Asante, shangazi. Asante sana."

Baada ya upasuaji, bibi alipofunguliwa bandeji, alimkazia macho mjukuu wake. "Kumbe sare imechanika begani, na hukuniambia!"

Wakacheka mpaka machozi. Kisha bibi akadai kalamu. Kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa zikipanda na kushuka, akawaandikia madaktari: *Asanteni, wanangu. Nimemwona mjukuu wangu.* Akaikunja barua, akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja. Chiriku akaipeleka posta mbiombio.